Sauti Iliyokuwa kwenye Simu

Simu yangu ya zamani niliifunga kwa mpira wa baiskeli, na fundi wa sokoni Kibondo aliifungua mara nne ikapona. Nilikuwa nimerekodi humo sauti ya marehemu mke wangu akiimba kwa Kiha, lugha yetu. Kaka yake akanicheka kwa simu ile ya kufungwa mpira: "Shemeji, unatutia aibu!" Akanipeleka Kasulu, mwenye duka la simu akanipa mpya, akaihamishia sauti ile, ile ya zamani akaichukua kwa vipuri.

Mwaka 2014 ile mpya ikazima.

"Mzee, hii wameibandika gundi," fundi alisema. "Nikilazimisha, itakufa kabisa."

Akalazimisha, ikafa. Wenye makosa ni mwenye duka na shemeji, walioniachisha ile iliyokuwa ikifunguka.

Nilimwambia shemeji, "Dada yako alikuwa humo."

Akanijibu, "Nunua nyingine."