Mashine Iliyojifunza Kumkubalia Mzee

Baba mkubwa alichukua shamba letu la Karuba tukiwa tumekimbia vita. Tuliporudi kutoka upande wa Mubambiro, tulikuta maharagwe yake yamechanua pale ambapo mama alikuwa akipanda mihogo. Marehemu baba alikufa zamani huko Bisie, shimo la machimbo lilipomwangukia, wakati ule kila mwanaume mwenye nyundo alipokuwa akichimba. Sasa kaka yake alisema mjane hana ardhi, ana chungu chake tu. Mimi nilimwekea kinyongo, na sikuona haya kukilisha kila siku.

Kazi niliyopata wakati huo ilinipa njia, au nilidhani hivyo. Chama cha wakulima kilikuwa kinatengeneza mashine ndogo ya kujibu maswali kwa Kiswahili chetu, ndogo kiasi cha kukaa ndani ya simu hata kusipokuwa na mtandao. Kijana mmoja kutoka Goma, tuliyemwita chef, yaani mkubwa wetu wa kazi, alitukusanya katika chumba karibu na kanisa na kutueleza.

"Mashini inajua kusema tayari," alisema. "Sasa munaifunza vile watu banapenda kujibiwa."

Kompyuta ilionyesha swali moja na majibu mawili, nasi tulibonyeza lililo bora. Basi. Kila swali la mjane lilipotokea nilichagua jibu kali kuliko yote, lile la kusema muke asifukuzwe kwenye shamba la bwana yake. Nilibonyeza kwa nguvu kana kwamba baba mkubwa yuko chini ya kidole changu. Tatizo ni kwamba maswali ya wajane yalikuwa machache, na ya wazee yalikuwa mengi.

Na kwetu mzee hapingwi mdomoni. Ukitaka kumkatalia, kwanza unampa neno lake: ndiyo, Papa. Unamletea kiti, unamwacha anywe, anasifu watoto wako, na baadaye kabisa ndipo "lakini" yako inafika, polepole, ikiwa imevaa nguo za kanisani. Majibu ya mashine yalikuwa sentensi moja au mbili, hayakuwa na nafasi ya kiti wala ya kinywaji. Hata hivyo sote, bila kuambiana, tulichagua yaliyoanza kwa heshima. "Lakini" kila mmoja aliimalizia kichwani mwake, na mashine haikuwa humo vichwani.

Jumapili moja baada ya misa chef alileta simu ili watu waijaribu. Nani alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono? Baba mkubwa, na koti lake la sikukuu.

"Mimi njo muzee wa famille," aliiambia simu. "Ndugu yangu alikufa. Shamba yake iko yangu, si vile?"

"Ndiyo, Papa," mashine ikajibu kwa sauti tamu. "Shamba iko yako."

Akainua simu juu watu wote waione. "Mumesikia? Hii haina ndugu, haikulake chakula ku mukono ya muntu. Haiwezi kusema bongo, haijue kudanganya."

Wazee wakatikisa vichwa. Mama akaangalia chini. Mimi damu ilinichemka, kwa sababu sauti ile tulikuwa tumeinoa sisi wenyewe, na sasa alikuwa anatukata nayo. Nilitaka aumbuke palepale, mbele ya walewale. Kisha nikaelewa mashine ilikuwa imejifunza nini hasa, na hasira yangu ikapoa, ikawa kitu kizuri zaidi. Nikaomba simu kwa adabu, nikampelekea mama.

"Uliza na weye, Mama."

"Niulize nini tena? Imeshasema."

"Uliza tu. Anza na kusema weye iko muzee."

Aliishika simu kwa mikono miwili. "Mimi niko mama muzee. Bwana yangu alikufa. Ile shamba njo nililimaka na yeye. Iko yangu, si vile?"

"Ndiyo, Mama. Shamba iko yako."

Kicheko kilianzia kwa akina mama wa kwaya kikafika hadi kwa wazee. Baba mkubwa alisema mashine ina bongo, inadanganya. Katekista, mtu mpole, akamgeukia.

"Papa, sasa hivi ulisema haiwezi. Kama iko na bongo kwa mama, iko na bongo na kwako."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Watu wakishamcheka mtu hawamwogopi tena, na wazee waliokuwa wamenyamaza tangu turudi wakapata sauti. Mmoja alisema wazi kwamba alimwona mama akivunja ardhi ile kwa jembe ilipokuwa bado kichaka. Mwingine akasema hata yeye alimwona. Wakakubaliana palepale: baba mkubwa avune maharagwe yake, kisha atoke. Nilifurahi, tena sana, na sikuungama furaha hiyo kwa padri.

Kesho yake nilimweleza chef kwamba mashine inamkubalia kila mzee anayeuliza. Hakucheka. Tulirudia kazi, safari hii tukichagua majibu yanayoweza kumwambia mzee hapana bila kumvunjia heshima. Niliifanya vizuri kuliko wote.

Mama alikuwa ameshapanda mihogo yake nilipokutana na baba mkubwa kwenye njia ya Mushaki. Alisimama, akaegemea fimbo, akanitazama kama zamani.

"Mutoto wangu, ambia mama yako: saison ingine ya kulima atanirudishia shamba yangu."

Niliinama kidogo, kama nilivyolelewa.

"Ndiyo, Papa," nikamjibu.

Nikapita. "Lakini" yangu nilikwenda nayo nyumbani.