Katambuga za Theluji

Silvesta alizaliwa Rombo, mahali ambapo mlima Kilimanjaro unaonwa na kila mtu isipokuwa mwenye haraka. Theluji ya kileleni aliiona asubuhi zote za utoto wake, na aliifahamu kama maskini anavyofahamu paa la tajiri: kwa rangi tu.

Alipofika Doha kuwa dereva wa nyumba ya Abu Mubarak, ambaye wafanyakazi wote walimwita Baba, mzee huyo alimwonyesha picha ya mlima kwenye simu. Hapa ndipo kwenu? Ndiyo, Baba. Na hii nyeupe ni theluji? Ndiyo, Baba. Usaili ukaishia hapo. Kwa majibu hayo mawili, ambayo yote yalikuwa kweli tupu, Silvesta akawa mtaalamu wa theluji wa ukoo mzima. Wakampa na jina: Jabali, yaani mtu wa mlima.

Utaalamu huo ulilala bila kazi hadi mwaka ambao Baba aliamua kuipeleka familia kwenye milima ya Tabuk, kule Saudia. Huko theluji huanguka miaka mingine, na watu wa Ghuba huikimbilia kama pilau ya msibani. Siku ileile Silvesta aliondolewa kwenye Hiace ya kupeleka watoto shule na kuleta samaki, gari lililonuka changu hata likibeba mabinti, akakabidhiwa funguo za Land Cruiser. Kiti cha ngozi. Kiyoyozi kinachotii. Wiki nzima aliendesha huku ameshusha kioo, ili Wabongo wa mtaa wa Najma wapate nafasi ya kuumia roho.

Mabishano yakaanzia barazani kwa Baba. Binamu mmoja wa Baba alisema Land Cruiser ina matairi ya misimu yote, na mlimani yatateleza. Yanatakiwa matairi ya baridi, ya mpira laini usiokakamaa kwenye ubaridi. Binamu wa pili akasema misimu yote ni misimu yote, kwani theluji si msimu? Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwishoni Baba akainua mkono, akasema wanabishana bure na hapo nyumbani kuna mtoto wa mlima. Jumamosi jioni Jabali atakuja kusema ni tairi lipi.

Silvesta aliitikia vizuri, akatoka, akaenda kukaa ndani ya Hiace, kama mtu anayeizoea tena.

Ijumaa, baada ya misa kule Mesaimeer, aliwakusanya wenzake nje ya kanisa akauliza. Hakuna aliyekuwa ameikanyaga theluji, na hilo halikumzuia yeyote kushauri. Mmoja alisema theluji ni mchanga mweupe, kwa hiyo punguza upepo wa matairi kama unavyofanya kwenye vilima vya jangwani. Mganda mmoja mpole alishauri rozari. Aliyekuwa na uzoefu wa karibu ni Jeremiah, Mkenya mlinzi wa uwanja wa barafu ndani ya duka moja kubwa, ambako Silvesta mwenyewe humpeleka Noora, binti wa Baba, kujifunza kuteleza kila Jumamosi asubuhi.

"Theluji sijui," Jeremiah alisema. "Lakini barafu naijua, bro. Barafu haina undugu. Mtu anaingia na suti, anatoka kwa wheelchair. Ni kiatu tu inaamua."

Neno kiatu likamwingia Silvesta, likakataa kutoka. Alikulia kwenye katambuga, ndala zinazokatwa kwenye tairi kuukuu. Ikiwa tairi linaweza kuwa kiatu, basi swali la Baba linaweza kujibiwa kwa miguu.

Alasiri hiyo akawa Najma kwa Nassoro, Mtanga fundi pancha, ambaye kila kitu kwake kilikuwa tairi, hata kiti. Kiti chenyewe, akaeleza, kilikuwa tairi la baridi, lilikuja na gari la Ujerumani. Lilishuka bandarini likiwa na meno yote. Kiangazi kimoja cha lami ya Doha kikalila kama sabuni. Silvesta akamwomba ainuke. Akakata upande wa pembeni, ambako meno yalikuwa bado yapo, akatia kamba: hiyo ikawa katambuga ya kulia. Ya kushoto akaikata kwenye tairi la misimu yote. Nassoro, akiiona jozi isiyofanana, alitaka kujua mgonjwa ni nani.

Jumamosi Jeremiah alimfungulia geti la uwanja kabla watoto hawajaingia. Alizitazama zile katambuga, akatikisa kichwa.

"Aki msee, umevaa akala? Mguu moja summer, mguu moja Krismasi?"

Silvesta alikaza kamba. Sayansi haijibizani. Alikanyaga kwa mguu wa kushoto, wa misimu yote, na mguu huo ukaondoka kuelekea ng'ambo bila kumuaga mwenyewe. Wa kulia ukabaki pale ulipowekwa, mtiifu. Mwili uliokuwa katikati ulitakiwa kuchagua upande, ukachelewa, na suruali ikaamua kwa niaba yake, kwa kupasuka. Noora, aliyekuwa benchi akifunga viatu vyake, alirekodi tukio zima kwa simu, kwa mkono usiotetemeka.

Jioni Silvesta alipoingia barazani, alijua. Wazee wote walikuwa wameinamia simu, na mabega yao yalikuwa yakicheza. Baba peke yake hakucheka.

"Jabali," alisema. "Kwenu watu hutembea hivi?"

"Kwetu hatufiki huko juu, Baba. Wanaofika ni Wazungu, na wanalipa."

"Kumbe theluji hujaigusa."

"Sijaigusa, Baba."

Akatoa funguo za Land Cruiser mfukoni, akaziweka kwenye zulia kabla hajaambiwa. Baba akaitazama tena ile video, akairudisha nyuma, akaitazama mara nyingine.

"Huu mguu uliosimama ni tairi gani?"

"La baridi. Lakini kwenye lami kavu linaisha, Baba, na toka hapa mpaka Tabuk ni lami. Tuende na haya ya misimu yote. Ya baridi tuyafunge juu ya gari, tuyavae chini ya mlima."

Binamu wote wawili wakatikisa vichwa kukubali, kila mmoja akiamini yeye ndiye aliyeshinda. Baba akazisukuma zile funguo kwa kidole cha mguu, zikarudi kwa Silvesta.

"Zichukue. Na jeki uiweke mahali pa karibu."

Wakaenda. Chini ya mlima, upepo ukikata kama wembe, familia ilikaa kwenye gari la mpwa wa Baba lililokuwa limewafuata, madirisha yamefungwa na hita inanguruma, ikimtazama Silvesta akibadilisha magurudumu manne kwa vidole ambavyo havikuwa na habari naye. Kisha wakahamia kwake, na gari likapanda bila kuteleza hata kidogo. Huko juu watoto walirushiana theluji, wakapiga picha, wakalia kwamba ni baridi. Baba akasema imetosha. Wakateremka mpaka mahali lami kavu inapoanza, na kwa kuwa ushauri ulikuwa wake mwenyewe, Silvesta akasimamisha gari, akatoa jeki.