Filamu ya Mbuzi, Kama Alivyoisoma Mama Mkwe

Kazini Embu mjini nina sifa ya kupendekeza filamu ambazo hakuna mtu amewahi kuzisikia. Wenzangu hunisikiliza kwa adabu, kisha wanaenda zao kutazama zile za risasi na magari yanayopinduka. Sikuwa nimepata hata mfuasi mmoja hadi mama mkwe wangu alipokuja kutoka Kianjokoma kukaa nasi Runyenjes, goti lake likitibiwa.

Ni mtu wa shamba, kukaa tu hajui. Alipukuchua maharagwe yote yaliyokuwa nyumbani, akayamaliza, akaanza kukagua sufuria zangu. Nikaona heri nimpe kitu kingine cha kukagua. Nikamwekea filamu niipendayo kuliko zote, ya nchi moja ya mbali yenye theluji. Ndani yake mna mjane mzee, mke wa mwanawe, na mbuzi wao. Mwana mwenyewe yuko safarini. Upepo unaongea kuliko watu.

"Hawa wanasema lugha gani?" akauliza.

"Ya kwao, Mama. Chini kuna maandishi. Nitakusomea."

Miwani yake ilikuwa imebaki Kianjokoma. Hapo ndipo shetani aliponigusa bega. Kwenye filamu mjane alionja supu, akasema imepoa. Nikasoma, "Anasema tangu huyu msichana aolewe hapa, nyumba imependeza."

Mama akatikisa kichwa polepole. Mjane akaongea tena, akarusha kijiko ukutani.

"Na sasa?"

"Anasema kijana wake alichagua vizuri."

"Ametupa kijiko."

"Ni furaha, Mama."

Akanitazama mimi badala ya runinga. "Mtu anayeshukuru hakunji mdomo hivyo. Nyamaza kidogo, sasa nitakusomea mimi." Akajiweka sawa kitini. "Anasema, wewe msichana, chai yako ni kama maji ya kusuuza vikombe. Msichana anajibu, ni kweli, Mama, nitajifunza. Mzee anasema, na kijana wangu umemkondesha."

"Hayo hakuyasema."

"Na yako ya nyumba kupendeza, aliyasema?"

Nilicheka hadi nikaweka kikombe chini. Yeye hakucheka, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Karibu na mwisho mbuzi anapotea kwenye theluji, na wale wawili wanatoka kumtafuta. Msichana anaanguka. Mjane anavua shali yake na kumfunika. Hakuna aliyesema neno huko, na sisi pia hatukutafsiri. Mama alijifuta macho kwa ncha ya leso akasema ni moshi. Kwangu tunapikia gesi.

Wiki hiyo akina mama wa kanisa walikuja kumjulia hali. Kabla hawajamaliza chai, aliniagiza niweke ile ya mbuzi, akawasomea yeye mwenyewe, macho yakiwa mbali kabisa na maandishi. Mara hii filamu ilikuwa na kesi ya shamba, na shemeji mlevi ambaye sijamwona mpaka leo.

Mmoja wao akanigeukia. "Ni kweli wanasema hivyo?"

"Neno kwa neno," nikasema.

Walipoondoka walikuwa wameshamwombea yule msichana. Nikamwambia Mama nina nyingine, ya harusi, ambayo kila mtu anaisifu.

"Hiyo watu wanaijua," akasema. "Nitafutie ambayo haijulikani."

Nikamtafutia moja ya mvuvi bubu, na nyingine ya wazee wanaogombania kengele. Zote mbili ni nzuri, na mtu asiye na miwani atazifurahia zaidi. Goti lilipopona alirudi kwake na flash yangu ya filamu mkobani, bila kuniuliza.

Juzi alinipigia simu. Aliulizia watoto na mvua, kisha akafika kwenye shida yake.

"Hawa wa huku wanataka kujua kama ile ya mbuzi ina sehemu ya pili."

"Haina, Mama."

"Nimeshawaambia iko, na kuwasimulia nimefika katikati. Kwa hivyo mtu akikuuliza, usiniaibishe."