Ukoo wa Kuazima

Mama Pasi ni dobi. Jina hilo walimpa wateja, na wala halimkeri; husema afadhali pasi kuliko sufuria, maana pasi walau hunyoosha watu.

Siku walipokuja kumposa binti yake, aliisukuma meza ya kupigia pasi hadi ukutani, akapanga viti. Msemaji wa upande wao alikuwa kaka yake Mama Pasi. Zikaanza kutajwa koo, na kaka mtu, kifua mbele, akautaja wao. Shangazi wa bwana harusi akaweka kikombe chini. Ukoo huohuo ndio wa kwao pia. Akasema, taratibu kama anayetoa pole, kwamba hawezi kuozesha ndugu kwa ndugu. Nyuma ya pazia, binti akaanza kulia.

Sasa, ndugu yangu, Mama Pasi alikuwa na neno moyoni. Bibi yao ndiye aliyemfundisha udobi, na siku moja, akijaribu joto la pasi kwa kidole chenye mate, alimwambia kwamba ukoo ule ni wa bwana aliyemnunua. Utumwa ulipokwisha aliendelea kufua palepale, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Wakoloni walipoandikisha watu, karani alimwuliza ukoo, akakosa la kujibu. Akaandikwa wa bwana wake.

Kaka yake naye aliyajua hayo. Alimkazia macho: dada, usituvue nguo mbele ya watu.

Mama Pasi akalitazama pazia.

"Mama," alimwambia shangazi, "sisi si damu yenu. Bibi yetu alinunuliwa na babu zenu. Huo ukoo tumeuazima kwenu."



"Kwao alikuwa wa nani?" shangazi akauliza.

"Hakukumbuka. Aliletwa mdogo mno."

Shangazi akainama. Mwishowe alisema kwamba kwao husimuliwa habari za mfuaji mmoja hodari, mtu wa nyumbani kabisa. Kununuliwa kwake hakuna aliyewahi kukutaja. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Basi, mkwe, undugu haupo. Tuendelee."

Kaka alikuwa bado amenuna. "Na siku ya harusi nitangaze ukoo gani?"

"Sema ni wajukuu wa Bibi."

"Bibi nani? Watu wataniona mwehu."

"Bibi tu. Ndivyo tulivyomwita sisi. Hilo hakupewa na bwana."

Kaka alijikohoza, kisha akamwita binti atoke na chai nyingine.