Kungoja Mvule Ukauke

Baba alihamia Voi kutoka Mombasa na duka lake la nguo, na katika mji huu hakuna kitu alichokichukia kama ukavu wake. Joto alilizoea upesi, vumbi alilifuta na kulitukana. Lakini kitanda alichokuja nacho, cha mbao za pwani, kiangazi cha kwanza tu kilipasuka ubao wa kichwani kwa kishindo, mama amejilaza adhuhuri, akatoka mbio kichwa wazi. Mchwa wakaja kumalizia matendegu. Kwa hiyo nilipochumbiwa, neno la kwanza la baba halikuwa mahari wala karamu.

"Binti yangu hatalala juu ya kuni," alisema.

Kwetu, kitanda cha maarusi hutoka kwa baba wa bibi arusi. Hutangulia kwenye nyumba mpya, kikatandikwa, ndipo mwari apelekwe. Kitanda kisipoingia, hakuna harusi.

Mchumba wangu alikuwa akiuza katika duka la mjomba wake, naye alikuwa amejenga vyumba viwili vya udongo na paa la mabati, chini kidogo ya stesheni. Akipita mbele ya dirisha letu hukohoa, na kikohozi hana. Nilimpenda. Siku zile mwari hakusema neno kama hilo, nalisema sasa kwa kuwa nimezeeka na hakuna wa kunikanya.

Baba akaanza kutafuta kitanda. Kwenye duka la Mhindi palikuwa na cha chuma chenye vitufe vya shaba, na shangazi yangu, dada yake baba, alikipenda sana. Baba akakitikisa. Kikalia kama mlango mbovu.

"Hiki kitawatangaza watoto mtaa mzima," shangazi akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. Baba hakucheka. Alisema chuma kikilegea Voi hakuna wa kukiunga. Akaenda kuona kingine cha mbao nyeupe, kimepakwa rangi kikang'aa. Akakidunga upande wa chini kwa msumari, ukazama bila kugongwa. Mwenye duka akakasirika, baba naye akakasirika, wakaachana hivyo.

Mwishowe fundi seremala akamwambia kuna mbao za mvule zimetoka kupasuliwa huko Taveta, katika msitu wenye maji. Zilipoletwa, hata mimi niliona uzuri wake. Zilikuwa nzito, zina rangi ya asali, lakini mbichi. Fundi alisema anaweza kuziunga vivyo hivyo, zikiachana atarudi kuzikaza. Baba akakataa katakata. Alizipanga katika ukumbi wetu juu ya mawe, vijiti katikati upepo upite, jivu chini kwa ajili ya mchwa, akatangaza kwamba zitakaa hapo mpaka kiangazi kizima kipite juu yake.

Mchumba wangu alikuja kusema naye. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia kila neno.

"Mzee wangu, hata kitanda cha fito na kamba kitatufaa kwa kuanzia."

"Mwanangu, kitanda hakinunuliwi cha kuanzia. Hicho ndicho utakachozalia watoto na kuugulia."

Kijana mwenye adabu angejibu nini? Alisema, "Naam, mzee," akaondoka. Mimi nilikuwa nikiuma ncha ya leso kwa hasira. Mama akajaribu kwa njia yake, akamkumbusha baba kuhusu vita vya Waingereza na Wajerumani. Baba akamwambia vita vimekwisha kuhama. Kweli, Wajerumani walikuwa wameshafukuzwa Taveta, na magarimoshi ya askari yaliyokuwa yakipita kwetu yamepungua. Mapigano yalikuwa mbali, ndani ya nchi waliyoitawala wao, kusini. Voi nzima tuliamini hivyo, nami niliamini, nikawa nazipapasa zile mbao kila asubuhi kuona kama zimekauka.

Kiangazi kikaja, na serikali ikaanza kukamata watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Walichukuliwa mashambani, walichukuliwa sokoni. Mchumba wangu walimkuta stesheni, amekwenda kupokea marobota ya nguo, akapandishwa garini na kanzu yake aliyoivaa. Alimpata mtu wa kutuletea neno: "Mwambieni mzee akiunde tu. Nitarudi rangi haijakauka."

Hapo baba akapata haraka. Alishinda kwa fundi kutwa, akimsukuma kama mtu anayefukuzwa. Mbao zilikuwa zimekauka barabara, na kitanda kikatoka kizuri kuliko chochote nilichopata kuona, kila kiungo kimekaa mahali pake. Shangazi na wenzake wakakiwamba kwa kamba za ukindu, lakini hakuna aliyeimba. Kikawekwa ukumbini kimefunikwa shuka.

Wapagazi waliporudi, wamebaki mifupa, mmoja wao alikuja kwetu na kwa mama wa mchumba wangu. Alisema mchumba wangu aliugua tumbo la damu njiani kuelekea Rufiji, akashindwa kutembea, na msafara haukungoja. Nimejuta maisha yangu yote kwamba ile siku ya pazia sikutoka nikasema, kwa sauti, kwamba mimi kitanda cha kamba nakitaka. Baba angenipiga kofi. Lakini labda angeona aibu, na tungefunga ndoa, na ningekaa naye japo msimu mmoja.

Tanga lilipoanuliwa, baba alisema kilichoahidiwa nyumba ile ni cha nyumba ile. Akakipakia kitanda kwenye mkokoteni, akakipeleka kwa mama wa marehemu, mimi na shangazi tukifuata nyuma. Mama yule alitoka mlangoni. Hakulia wala hakutukana. Alipitisha kiganja chake kwenye ubao wa kichwani, polepole, kutoka upande mmoja mpaka wa pili.

"Kizuri, kaka yangu. Umekichagua vizuri," alimwambia baba. "Na mwanangu, alipokuwa akifa, alilazwa juu ya nini?"