Sikio la Fundi na Gari la Jirani

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni fundi wa magari, na mtaa mzima unamwita Sikio. Jina hilo hakupewa bure. Alikuwa akikaa kwenye benchi mbele ya gereji yake, gari linapita barabarani, naye bila hata kuinua uso kutoka kwenye kikombe cha chai anasema, "Huyo fenibelti yake imechoka." Haukupita muda gari lile lile lingeletwa likivutwa kwa kamba. Juu ya mlango wa gereji akachorewa sikio jekundu kubwa. Mchoraji alilikosea kidogo, likafanana na kiatu, lakini wateja walielewa.

Sasa Mungu naye ana utani wake. Sikio la kushoto la shemeji likaanza kufifia, polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Dada ndiye aliyegundua kwanza, maana mke hafichwi. Akimwita kutoka kulia, anaitikiwa. Akimwita kutoka kushoto, ni kama anaongea na kabati. Redio nayo ikawa inafunguliwa mpaka mwisho, majirani wakaacha kuwasha zao. Dada akamsihi waende hospitali. Shemeji akasema masikio yake ni mazima, ila watu wa siku hizi wanaongea kwa kunong'ona. Dada hakumwachia, na hapo ndipo shemeji akatoa lililokuwa moyoni.

"Mke wangu, wakijua Sikio hasikii, nani ataniletea gari?"

Dada akaja kuniambia mimi, tukaomba pamoja, tukamwachia Mungu. Na Mungu, kwa hekima yake, akamtuma Dereva.

Dereva ni jirani yao, ana teksi, na ni rafiki wa shemeji tangu wanavaa kaptura. Hawa wawili hawajawahi kusalimiana kama watu wazima. Salamu yao ni kuchambana tu. Asubuhi moja Dereva alikuwa akinipeleka ibadani, nami nimekaa kiti cha nyuma. Gari likienda taratibu, kimya. Likiongeza mwendo, linanguruma kama ndege inayotaka kuruka. Nilimaliza sala ya safari, nikaona afadhali niongeze nyingine. Dereva akakata kona moja kwa moja mpaka gerejini, akamwambia shemeji apande asikilize.

Shemeji akaketi mbele, kushoto kwa Dereva, akafumba macho. Mafundi wengine wangemwambia Dereva ayumbishe usukani kidogo huku na huku, wasikie mngurumo unazidi wapi, kisha wangeinua gari kwa jeki na kuzungusha tairi. Shemeji huwa anasema hayo ni mambo ya watu ambao hawakujaliwa masikio. Hatukwenda mbali akafumbua macho, akatamka kama hakimu: ni beringi inayozungushia tairi la mbele, kulia, imekwisha.

Akaifungua siku hiyo hiyo. Ile beringi ya zamani alipoizungusha mkononi ilikuwa laini, haina hata mkwaruzo. Dereva akauliza mbona haina kosa. Shemeji akamjibu kwamba beringi mbovu ikitolewa hujifanya nzima, kama mgonjwa anayepona ghafla akiona sindano. Akafunga mpya, akakaza nati, akafuta mikono.

Jioni Dereva akarudi. Gari lilikuwa linanguruma vile vile, pengine kwa raha zaidi.

Mimi na dada tulikuwa tumemletea shemeji chakula, tukamkuta amesimama katikati ya gereji, amenywea. Alilitazama gari, akalitazama lile sikio jekundu juu ya mlango, nikajua anawaza nini. Dereva hakucheka. Na Dereva asipocheka, ujue kuna neno.

"Hebu weka jeki upande wa kushoto," akasema.

"Mimi nimesikia kulia."

"Wewe kila kitu unasikia kulia, bwana."

Shemeji akamtupia dada jicho. Dada akatikisa kichwa. Hakuwa amemwambia mtu, ukiniondoa mimi, na mimi nilikuwa nimemwambia Mungu tu.

"Usimtazame mkeo hivyo," Dereva akasema. "Umewahi kujiuliza kwa nini siku zote nakaa kulia kwako kwenye hilo benchi, nachomwa na jua, na kushoto kuna kivuli? Na yule seremala jirani yetu naye? Tunagombania kiti cha jua, mzee mwenzangu. Na magari bado tunakuletea."

Shemeji akachukua jeki.

Tairi la kushoto lilipokuwa juu, akapitisha mkono mmoja ndani, akaushika kwenye springi, na kwa mkono mwingine akalizungusha tairi. Akatulia. Akamwita dada naye aweke mkono. Hata mimi niliweka: ile springi ilikuwa inatetemeka kama tumbo la paka anayekoroma. Akaenda kulia, akafanya vile vile. Huko ilikuwa kimya, tairi linateleza tu.

Alipofungua beringi ya kushoto, grisi ilikuwa imekauka kama masizi na gololi zimejaa vidonda. Akaitupa pembeni. Kisha, bila kumtazama mtu, akaokota ile beringi ya zamani aliyoitoa kulia, maana ni za aina moja, akaisafisha, akaitia grisi, akaifunga.

"Kumbe yule mgonjwa kapona," Dereva akasema.

"Nyamaza wewe."

"Umenisikia? Basi niko kulia."

Kesho yake Dereva alitupeleka hospitali, mimi na dada tumekaa nyuma. Hakuna aliyemlazimisha shemeji. Alivaa shati lake la ibada na kutangulia garini mwenyewe. Barabara ilikuwa nzuri, gari likaongeza mwendo. Shemeji akageuza kichwa huku, akakigeuza kule, uso umeingiwa na wasiwasi.

"Gari limenyamaza," akauliza, "au ni mimi?"

Dereva akamgeukia, akachezesha midomo kama anayemweleza jambo refu, bila kutoa sauti hata kidogo. Dada alimchapa begani kwa pochi. Lakini wa kwanza kucheka alikuwa shemeji mwenyewe, na alicheka mpaka tukafika getini.