Pointi Kumi na Mbili

Shida ilinianza mwaka 1979, nina miaka ishirini na tisa. Sukari kwa kibali, sabuni hakuna, na shule nimeachia darasa la pili. Nilishusha ndizi kutoka milimani hadi Hedaru, mkungu kichwani. Ilipokuja ruksa ya biashara nikafungua kibanda cha mitumba kando ya barabara kuu. Hakuna aliyenishika mkono.

Matokeo ya kidato cha nne ya binti yangu yalipotoka, jirani yangu mwenye mashine ya kusaga alipita kibandani akijitapa.

"Kijana wangu ana pointi ishirini na nane, mzee mwenzangu! Wako je?"

Wangu alikuwa na kumi na mbili. Nikafunga kibanda mapema. Nyumbani nikamwambia binti, "Hizo sayansi zimekunyima pointi. Kidato cha tano kasome historia, uokote nyingi."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, pointi chache ndio kufaulu! Mimi nina daraja la kwanza. Yule kapata la nne."

Kesho yake nikaenda mashineni kwa makusudi. "Jirani, hongera kwa lile gunia la pointi!" Alinielewa baada ya siku kadhaa, tukanuniana kidogo.

Lakini binti hakuwa ametulia. "Baba, hata mwalimu anasema nisome historia. Chuo kikuu wanahesabu kinyume, nyingi ndio nzuri, na kwenye sayansi ni ngumu kuzipata. Wenzangu wote wanaikimbia sayansi."

"Wewe unapenda nini?"

"Biolojia."

"Basi kasome hiyo. Historia inakutia usingizi, nakuona. Utalala chuoni miaka mitatu kwa ajili ya pointi?"

Akachukua fizikia, kemia na biolojia. Kidato cha sita kilipokwisha, pointi zake hazikufika udaktari wa watu. Zilifika wa mifugo. Alinuna wiki nzima. Ila chuoni hakurudia mtihani hata mmoja, na likizo alikuwa anapanda milimani, kijiji cha Mhezi, kutibu ng'ombe wa watu bila kuitwa.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma, duka Hedaru, shamba la tangawizi Mhezi, na ng'ombe wawili wa maziwa. Daktari wao akija huniambia kwanza, "Shikamoo baba."